Ndoa ya Mashahidi Wawili

Mwahija alikwisha kuona malori matatu yakipita barabara ya Kahama, na katika yote matatu Bashiri hakushuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyumbani kwa Mageni, pembezoni mwa Ngokolo, ungo mapajani, akibambua karanga bila kutazama anachofanya. Karanga zilikuwa zikiangukia kwenye maganda, na maganda yakiingia kwenye bakuli.

"Bhebhe, wewe Mwahija," Mageni akamwambia, "ukiendelea hivyo leo wanangu watakula maganda."

Mageni alikuwa mwanamke wa Kisukuma wa makamo, mnene, mwenye kicheko cha karibu. Kila baada ya siku moja alipita mitaani akiuza maziwa mgando, na nyumba ya Fundi Zamoyoni mshona nguo, baba yake Mwahija, ilikuwa ya kwanza katika mzunguko wake. Miezi minane sasa ndiye aliyekuwa akipitisha salamu kati ya Mwahija na Bashiri. Nani angemshuku muuza maziwa?

"Labda hakupata lori," Mwahija alisema.

"Au kapata, likakwama Masumbwe. Au kakwama yeye mwenyewe, kwa msichana wa Masumbwe."

"Dada Mageni!"

"Nakutania, mayu. Hebu tazama kule."

Lori la nne lilikuwa limesimama chini ya barabara, na mtu mmoja mrefu mwembamba alikuwa akishuka kutoka juu ya marobota ya pamba, mkono mmoja umeshika kofia. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi kama za mzee. Mwahija alijua ni yeye kabla hata hajageuka, kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga taratibu, kama mtu aliyezoea kutembea mahali penye giza. Ungo ukamponyoka, karanga zikamwagika. Hakuziokota.

Bashiri alifika mlangoni, akasimama hatua mbili kutoka alipokuwa Mwahija. Hakumgusa hata mkono. Walitazamana tu, na katika kutazamana kule Mwahija akasikia mwezi mzima wa kungoja ukimwondoka mabegani.

"Shikamoo, dada Mageni," Bashiri akasema, macho yake hayakuhama.

"Marahaba, baba. Mwadila, umeshindaje! Maji yapo mtungini. Nawa uso mwenzio akuone, hapo ulipo unafanana na ukuta."

Mageni akabeba kigoda chake akaenda kukaa kizingitini, mgongo ameuelekeza kwao. Alikaa karibu kiasi kwamba hakuna ambaye angesema waliachwa peke yao, na mbali kiasi cha kujifanya hasikii.

Bashiri alinawa. Alipoinua uso ukidondoka maji, Mwahija aliona amekonda.

"Unakula kweli huko Geita?"

"Nakula. Usingizi ndio siupati." Akaketi kwenye mkeka, mbali kidogo naye. "Nimepewa ruhusa. Kuanzia Alhamisi sirudi tena mgodini. Kazi ya pampu za maji niliyokuambia, kule Dar es Salaam, wamenikubali. Mwahija, mambo yametengenea. Umebaki wewe tu kusema ndiyo."

"Nilikwisha kusema."

"Sema tena."

Mwahija akainama, akatabasamu. "Ndiyo."

Mageni kule mlangoni akakohoa.

Haikuwa hivi walivyotaka. Bashiri alitaka kuja kwa mlango wa mbele, na alikuja. Miezi miwili iliyopita alituma wazee wawili wa kwao Ujiji wanaokaa Shinyanga, wakaenda kwa adabu zote kupeleka posa. Fundi Zamoyoni aliwakaribisha, akawapa kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo mji mzima uliyasikia kabla ya Magharibi: "Mtu aliyeniletea sanduku la mwanangu hawezi kuniletea posa. Wallahi, binti yangu simwozi kwake."

Sanduku lile lilikuwa la Mrisho, kaka yake Mwahija. Mrisho na Bashiri walifanya kazi pamoja katika mgodi mmoja mdogo upande wa Geita, wakila chungu kimoja na kulala chumba kimoja. Mwaka juzi, wakati wa masika, mwamba ulishuka ukamfunika Mrisho. Bashiri ndiye aliyeingia kumtoa, ndiye aliyemzika, na ndiye aliyepanda lori akaleta sanduku la bati la nguo zake mpaka mlangoni kwa Fundi. Mzee alilipokea sanduku, akafunga mlango. Hakuuliza neno. Tangu siku hiyo kila alipomwona Bashiri, uso wake uligeuka kama mtu aliyeguswa kidonda. Lakini Bashiri aliendelea kuja, kwenye hitima, kwenye arobaini, kuchota maji msiba ulipokuwa umekwisha na watu wamesahau. Na kila alipokuja, aliyemfungulia alikuwa Mwahija.

"Shangazi Mwasiti hajajibu," Mwahija alisema sasa. "Wiki ya tatu hii tangu nimwandikie."

"Asipojibu?"

"Tutakwenda. Nyumba yake naijua, Kariakoo, nyuma ya kisima. Siwezi kuolewa pasipo hata ndugu mmoja wa damu yangu, Bashiri. Mwanza ni karibu, najua, lakini Mwanza nina nani?"

"Hata kwa sheria Dar ndiko kuzuri. Nimemuuliza mwalimu wa msikitini kwetu. Nikamwambia ni habari ya rafiki yangu." Bashiri akacheka kidogo. "Akasema mwanamke akiwa mbali na walii wake mwendo wa siku mbili, kadhi wa huko aweza kusimama pahali pa walii. Ndoa inakuwa ndoa. Kisha akaniambia, mpe salamu huyo rafiki yako mrefu."

Mwahija alicheka mpaka akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka mzima uliopita angeweza kuhesabu vicheko vyake.

"Basi nieleze," akasema. "Toka mwanzo. Nataka kuiona yote."

"Ijumaa hii. Mimi napanda Mwanza, asubuhi. Gari moshi likifika hapa alasiri nitakuwa tayari ndani, daraja la tatu, dirishani. Wewe unapanda na kikapu chako kama mtu anayekwenda kusalimia. Hakuna atakayetuona tukiingia pamoja. Jumapili tupo Dar."

"Jumapili."

"Jumatatu shangazi yako anatupeleka kwa kadhi. Mashahidi wawili. Mmoja mume wa shangazi yako, kama atakubali; wa pili nitampata hata msikitini."

"Na mahari?"

"Taja wewe."

Mwahija alifikiri. "Msahafu. Na pete ya fedha."

"Ya fedha? Miaka sita niko kwenye dhahabu!"

"Na una punje ngapi yako?"

"Hata moja."

"Basi ya fedha."

Kila mmoja akaitazama moyoni harusi ile ndogo: chumba cha shangazi, mkeka mpya, sahani ya halua, watu watano au sita. Hakuna ngoma, hakuna vigelegele vya mtaa mzima. Mwahija alishangaa kwamba hakuvitamani. Alichotamani kilikuwa kimekaa mbele yake, kikiokota karanga moja moja kutoka kwenye mkeka na kuzirudisha kwenye ungo.

"Nguo nitavaa kanga jozi mpya na gauni la Idi," alisema. Kisha sauti ikambadilika. "Bashiri, baba atabaki na nani?"

Bashiri akaacha kuokota karanga.

"Mama alikufa mimi sijui hata kutembea. Mrisho kaenda. Nikiondoka mimi, nani atamwekea maji ya kutawadha? Nani atamtungia uzi? Jioni hauoni tena."

"Kama unataka tuache..."

"Sikusema tuache!"

"Basi unataka nini, Mwahija?" Alisema kwa sauti ya chini, lakini ilikuwa na ukali wa mtu aliyechoka. "Nimekuja mlangoni, nimefukuzwa. Nimetuma wazee, wamerudi wameinama. Miezi minane nazungumza nawe kupitia vibuyu vya maziwa. Mwambie baba yako kuwa shangazi ni mgonjwa, uondoke."

"Sitamuuguza shangazi yangu kwa mdomo. Nitamwambia baba nataka kwenda kwa shangazi. Hilo ni kweli. Sitaongeza neno."

"Akikataa?"

"Akikataa nitakwenda bila ruhusa. Lakini sitamdanganya."

Bashiri akamtazama. Ukali ukamtoka usoni taratibu.

"Kwa hili nimekupenda," akasema. "Sikiliza. Hatutamwacha. Tukishaoana, tukae mwezi mmoja, kisha tunarudi wote wawili. Nitapiga magoti pale barazani mbele ya kila mtu. Akinimwagia maji, nitakauka. Kesho yake nitapiga tena."

Mwahija alifuta macho. Mageni kule kizingitini naye alikuwa akifuta macho, ingawa alikuwa hasikii kitu.

*

Jumatatu jioni Fundi Zamoyoni alirudi kutoka baraza la duka alikoweka cherehani yake, akavua viatu, akatoa bahasha mfukoni mwa kanzu.

"Barua yako. Imekuja kwa sanduku la posta la dukani. Ya Dar es Salaam."

Mwahija aliipokea kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu vizuri kwa herufi za kizungu. Akachana bahasha, akakunjua karatasi, akasimama ameduwaa.

Ndani, barua yote ilikuwa kwa herufi za Kiarabu.

Mwahija aliusoma msahafu vizuri, wenye irabu zake zote. Lakini huu ulikuwa mwandiko wa haraka wa Kiswahili, usio na irabu, wa watu wazima wa pwani. Ndio aliotumia baba yake kuandikia vipimo vya wateja. Yeye alisoma shule ya serikali. Hakuweza kupambanua hata neno moja ila Bismillahi ya juu.

"Shangazi anasemaje?" baba yake aliuliza akijiegemeza ukutani.

"Sijui, Baba. Imeandikwa... Bila shaka ni mwandiko wa mume wake."

"Lete."

Angefanya nini? Angesema barua imemwangukia motoni? Mzee alikwisha kunyosha mkono, ule mkono wenye vidole vilivyotobolewa na sindano miaka thelathini. Mwahija akampa. Akabaki amesimama.

Fundi Zamoyoni alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akageuza. Akasoma wa pili. Kisha akarudi wa kwanza, akausoma tena. Nje watu walikuwa wakipita wakisalimiana, na Mwahija alisikia kila salamu kama inasemewa masikioni mwake.

Hatimaye mzee akakunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwake.

"Anakusalimia," alisema. "Anasema uende ukamtembelee."

"Basi?"

"Wataka aseme nini tena?"

"Hapana, Baba."

"Utakwenda lini?"

"Ijumaa... Kama umeniruhusu, Baba."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu polepole sana. "Ijumaa ni siku njema," akasema, akainuka kwenda kutawadha.

Mwahija alikimbilia uani, akashika nguzo ya jiko. Alitaka kucheka na kulia. Basi shangazi alikuwa na akili! Aliandika maneno machache ya salamu, asitaje kitu. Lakini kurasa mbili, kwa salamu tu?

Kesho yake mchana alimpelekea baba ugali na kisamvu dukani kama kila siku. Mzee akaviweka kando.

"Mpe Mageni akipita."

"Huumwi, Baba?"

"Siumwi."

Jioni alikula tende mbili na uji baada ya adhana. Jumatano ikawa hivyo hivyo, na Alhamisi vivyo hivyo.

"Baba, umefunga?" Mwahija alimuuliza Alhamisi ile, akimkabidhi bakuli la uji.

"Nimefunga."

"Ya nini, na si Ramadhani?"

"Nina jambo langu na Mola wangu." Akanywa funda moja, akamtazama binti yake kwa macho mapole ambayo hayakuonekana tangu msiba. "Umepanga nguo zako?"

"Nimepanga."

"Chukua na shuka zito. Ndani ya behewa kuna baridi alfajiri."

Mwahija alikwenda chumbani, akajifunika kanga kichwani, akalia mpaka akachoka. Mara tatu aliinuka aende akaseme yote. Mara tatu alifika mlangoni akarudi.

*

Ijumaa baada ya sala, alipokuwa akijitwisha kikapu, baba yake alitokea amevaa kanzu yake nyeupe ya sikukuu na kofia ya kiua.

"Nakusindikiza."

"Baba, jua kali. Mageni atanisindikiza."

"Mageni aje pia. Stesheni si yangu, haijai."

Njia nzima Mageni alitembea nyuma yao akiguna chini kwa chini Kisukuma, maneno ambayo yaweza kuwa dua. Kila hatua Mwahija aliona dirisha la behewa, na katika dirisha uso wa Bashiri ukitabasamu kwa furaha, ukimtazama usoni baba yake. Alitaka gari moshi lichelewe. Alitaka lisije kabisa. Akatamani pia lije upesi, yote yaishe.

Likaja kwa wakati wake, likitoa moshi na kelele, likasimama. Abiria wakaanza kushuka na kupanda, wauza mayai na viazi wakakimbia kando ya mabehewa. Na pale, katika dirisha la pili la daraja la tatu, Bashiri alikuwa ametoa kichwa chote nje, shati jeupe, macho yakimtafuta. Alimwona Mwahija. Uso ukang'aa. Kisha akamwona aliyesimama kando yake, na kichwa kikarudi ndani kama cha kobe.

"Mwambie ashuke," Fundi Zamoyoni alisema.

"Nani, Baba?" Mwahija akauliza.

"Huyo mwenye shati jeupe. Injini inachukua maji hapa, tuna muda. Mwambie ashuke, au nitapanda mimi, na magoti yangu unayajua."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Bashiri alikuwa ameshuka mwenyewe. Alikuja moja kwa moja, hakukimbia wala hakusita, akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo, Baba."

Mzee hakuitikia. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua.

"Shemeji yangu, mume wa shangazi yako, ni mwalimu wa chuo," alisema. Alikuwa anasema na Mwahija, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi. "Anaandika herufi za kizungu vizuri kuliko wewe. Anajua ulisoma shule gani. Sasa jiulize kwa nini akuandikie kwa hati usiyoijua, katika nyumba ambayo mtu mmoja tu anaijua. Jina la juu ni lako. Barua ni yangu mimi." Akasoma: "Mwahija mwanetu, habari yako na ya kijana wa Ujiji tumeipata. Chumba kipo, na kadhi tumesema naye. Lakini shangazi yako hali wala hanywi akimfikiria kaka yake. Tunamwomba Mungu ampe kaka yetu moyo wa kulisoma jambo hili kwa utulivu."

"Baba," Mwahija akaanza, machozi yakimtiririka, "Baba, nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka..."

"Ngoja. Wewe nina maneno yako. Kwanza huyu." Alikunja barua. Alipoinua uso, kwa mara ya kwanza tangu aletewe lile sanduku, alimtazama Bashiri usoni. "Mwanangu alikufa palepale?"

"Hapana, Baba," Bashiri akasema.

"Muda gani?"

"Tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimfikia. Miguu ilikuwa chini ya mwamba, lakini kichwa na mikono vilikuwa huru. Nilikaa naye. Wenzangu walikuwa wakifukua upande wa pili."

"Alilia?"

"Hakulia. Aliomba maji, nikampa. Tulisoma shahada pamoja. Kisha akawa anazungumza mambo ya nyumbani." Bashiri akashika goti lake mwenyewe. "Mwisho aliniambia nipapase suruali yake, ile uliyomshonea wewe, pale gotini, kama imechanika. Nikapapasa. Nikamwambia haijachanika. Akacheka, Baba. Akasema, mwambie mzee, mawe yamenishinda mimi lakini mshono wake hayakuuweza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia."

Fundi Zamoyoni alifunika uso kwa viganja. Mabega yalikuwa yakitikisika, na hakuna sauti iliyotoka. Mwahija alitaka kumshika, Mageni akamzuia kwa mkono. Watu walipita wakiwatazama, mzee hakuwajali.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema mwishowe, ndani ya viganja.

"Nilikuja kukuambia. Ulifunga mlango. Nikarudi mara saba nikitafuta mahali pa kuanzia."

"Mara saba." Mzee alijifuta uso kwa kitambaa. "Mimi nilihesabu tisa. Nilikuwa nakuona dirishani. Nilikuwa nasema, huyu mtu haoni haya? Kumbe ulikuwa na amana yangu."

Injini ilipiga honi. Mzee akashtuka, akaanza kupapasa mfuko wa ndani wa kanzu, akatoa karatasi nyingine, mpya, yenye mihuri miwili ya wino.

"Niliapa mbele ya watu," alimwambia Mwahija. "Kiapo si mchezo. Siku tatu hizi nimekifungia kafara, sasa shingo yangu iko huru. Hii ni barua ya uwakala. Mimi Zamoyoni, walii wako, namfanya kadhi wakala wangu akuozeshe kwa kijana huyu. Shehe wa msikiti ameishuhudia. Hutaolewa kama mtoto asiye na baba."

Mwahija alianguka kifuani kwake. Alinusa harufu ya chaki ya kuchoria nguo na mafuta ya cherehani, na hakuweza kusema ila "Baba, Baba" tu.

"Basi, basi. Kikapu kitamwagika."

"Twende sote! Panda, Baba. Uozeshe mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, nisikilize. Mkono wangu umefika, umeandika. Moyo bado uko njiani. Nikimtazama huyu bado naliona lile sanduku, ingawa leo nimeliona limekuwa jepesi kidogo. Nendeni. Mkikaa mwezi mmoja, mje. Mpaka hapo moyo utakuwa umewasili." Akamgeukia Bashiri, akamnyoshea mkono. "Marahaba," akasema.

Bashiri aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole vya mzee.

"Pandeni!" Mageni alipiga kelele, machozi na jasho vimechanganyika. "Mnataka liwaache baada ya taabu yote hii? Fundi, mimi nitakuletea uji, usiwe na wasiwasi. Bhebhe Mwahija, mguu juu!"

Wakapanda. Gari moshi likaanza kusogea. Mwahija alitoa mkono dirishani, na Fundi Zamoyoni akatembea nalo hatua chache kwenye changarawe, kanzu nyeupe ikipepea, akisema jambo ambalo injini ililimeza. Kisha akasimama. Alibaki amesimama wima mpaka mji ukawa mdogo na mashamba ya pamba yakafunguka pande zote mbili.

Ndani ya behewa kulikuwa na nafasi moja kando ya Mwahija. Bashiri alifuta uso kwa mkono wa shati, akakaa. Walitazamana, macho mekundu wote wawili, na hapo wakaanza kucheka bila kuweza kujizuia, hata bibi mmoja aliyekuwa na kuku akawageukia.

"Sasa niambie," Bashiri alisema alipopata pumzi, "hapa tumetoroka au hatukutoroka?"

Mwahija aliikunja vizuri barua ya baba yake, akaiweka ndani kabisa ya gauni, upande wa moyo. Kisha akanyosha kidole kuonyesha benchi la mbele.

"Nenda ukakae kule na wanaume," alisema. "Mimi ni binti wa watu, na Jumatatu bado haijafika."